Nimempeleka shule aache kuuza dagaa, nimemkuta darasani anauza dagaa

Bi. Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kigoma mjini na nafanya biashara ya dagaa mwaloni Kibirizi. Majibu yako nayasoma kila wiki, na kwa kuwa umefundisha miaka mingi, leo nimeona nikueleze linaloninyima usingizi.

Binti yangu wa pili ana miaka 8, yupo Darasa la Pili katika shule ya serikali. Tangu Januari wamepata madamu mpya, msichana mdogo tu. Mwezi wa tatu nikafungua daftari la Kuhesabu, nikakuta kurasa nne zimeandikwa. La Kusoma ndiyo kabisa. Mtoto wa jirani, rika lake, anasoma shule nyingine. Yeye ameshajaza madaftari mawili, vema nyekundu mpaka raha. Wangu nikimwuliza leo mmefanya nini, jibu ni moja: "Nilikuwa dukani."

Duka lenyewe nilikuja kulijua siku niliyompelekea sweta, kama saa nne asubuhi. Nikachungulia dirishani. Watoto kama 80, madawati yamesukumwa ukutani. Wengine wamelala kifudifudi wanapanga visoda, wengine wanapima mlango kwa kamba, kelele kama sokoni. Madamu mwenyewe amekaa mkekani na watoto sita, hata kichwa hainui. Kila kona ina misumari, na kila mtoto ana kipande cha boksi chenye jina lake, anakitundika kwenye kona anayoitaka yeye. Anayoitaka yeye, Bi. Mwalimu! Cha kwangu kilikuwa kona ya duka. Na yeye yuko nyuma ya boksi la sabuni, ana mizani ya kijiti na vifuniko viwili, anauza dagaa. Dagaa wa majani makavu ya mwembe. Anawapimia wenzake, anapokea visoda kama hela, anarudisha chenji. Anasema muhula mzima hajawahi kukaa kona nyingine, duka ni lake, na anajisifu kabisa.

Nilirudi Kibirizi nalia. Mimi niliishia darasa la tano. Jua linanipiga mgongoni tangu nina miaka 13. Nimempeleka mtoto shule aache kuuza dagaa, nimemkuta anauza dagaa.

Kuna na aibu aliyonipa. Jumamosi moja nilikuwa naye mwaloni. Akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akawa anachota ziwani na kumimina kwenye sado tupu, yangu na za wenzangu. Kisha akasema kwa sauti, wateja wanasikia: "Mama, sado yako inaingia chupa nane. Ile iliyobonyea inaingia saba na kidogo." Mwenye sado aliniwakia kwamba nimemtuma mtoto kumharibia biashara. Nilimpiga binti yangu kofi mbele za watu.

Juzi ameleta karatasi ya kikao cha wazazi. Nikamwambia asome. "Wazazi" akaisoma vizuri. Alipofika "mnakaribishwa" akaanza kuhema, akaniambia macho yanamwasha, akaiweka chini. Wa jirani akaichukua akaisoma yote.

Jirani anasema hayo ni majaribio ya Wazungu, wanajaribia watoto wetu. Nina akiba kidogo, nafikiria kumhamishia shule ya binafsi, ingawa ziwa likifungwa miezi mitatu sijui ada nitaitoa wapi. Kikao ni Ijumaa. Niende kwa mwalimu mkuu nimshtaki huyu madamu? Au nimhamishe kimya kimya?

Mama wa Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa kilio ulichorudi nacho Kibirizi peke yako.

Usimhamishe kwanza. Na kwa mwalimu mkuu usianze huko. Anza kwa madamu mwenyewe. Sababu ni ndefu kidogo, nivumilie.

Nianze na sado, maana hapo ndipo moyo wangu uliporuka niliposoma barua yako. Sado ni kopo la lita 4. Chupa ya nusu lita inaingia humo mara nane. Binti yako wa miaka 8 alitaka kujua kama makopo mawili yanayoitwa jina moja yanabeba sawa. Hakuna aliyemtuma. Akatafuta kipimo kidogo kilicho sawa kila mara, akahesabu, akaona tofauti, akajua na sababu yake ni ule mbonyeo. Nimefundisha miaka 34, mwaka wa kwanza Kasulu na mingine huku Ujiji. Nimekuwa na watoto wa Darasa la Sita waliokuwa wanaimba "lita moja ni mililita elfu moja" bila kukosea, lakini ukiwapa chupa na ndoo wanakutazama tu. Binti yako hajaimba. Amepima. Kile ulichokuwa unakitafuta kwenye daftari la Kuhesabu kilikuwa mbele yako mwaloni, kimeshika chupa, nawe ukakipiga kofi. Siandiki hivi kukusimanga. Ugomvi wa mwaloni naujua, na najua kesho yake unahitaji kuazimana ndoo na huyo huyo mwenzako. Lakini mtoto hajui kwamba alipigwa kwa sababu ya ugomvi. Yeye anaweza kudhani alipigwa kwa sababu ya kuhesabu. Mwite, mwambie hesabu yake ilikuwa sahihi, ila neno kama hilo angekunong'oneza. Fanya hivyo kabla ya Ijumaa.

Sasa daftari. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mvulana mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilichoandika ubaoni kilikuwa kwenye daftari lake kabla sijafuta, nukta na mkato mahali pake. Nilimpa vema kila siku. Siku moja nilimwomba anisomee ukurasa wake mwenyewe, mgongo wake ukiwa umeelekea ubao. Alisimama pale ameshika daftari, midomo inatetemeka. Alikuwa anachora, mwaka mzima alikuwa ananichorea. Baba yake alikuwa akilifungua lile daftari kila Jumapili na kufurahi. Tangu siku hiyo daftari lililojaa halinipi raha mpaka mwenyewe anisomee.

Nakuomba basi umtazame tena yule msichana uliyemwona mkekani. Ulidhani anapumzika. Piga hesabu hii. Kipindi cha Darasa la Pili ni dakika 30. Ukiwa na watoto 80 na unataka kila mmoja asome kwa sauti, umsikie, kila mtoto anapata sekunde 22 hivi, haifiki nusu dakika. Hapo hakuna kusikia mtoto, kuna kuitikia pamoja tu: mmoja anasoma, 79 wanafuata mkia. Ukikaa na sita, kila mmoja anapata dakika tano. Lakini wale 74 waliobaki utawaweka wapi? Ndiyo kazi ya zile kona. Wanafanya kazi ambayo vifaa vyenyewe vinawaambia kama wamekosea, ili mwalimu apate nafasi ya kuwasikia wale sita. Hakuinua kichwa ulipochungulia kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Hilo la vifaa kumsahihisha mtoto si ubunifu wa jana. Daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto wa maskini mjini Rome mwaka 1907, akawapa vigogo vyenye matundu ya ukubwa tofauti na vipande vya kuingiza humo. Ukikosea, kipande cha mwisho hakiingii au kinazama, huhitaji mwalimu wa kukufokea. Watoto walichagua kazi wenyewe, yeye akawa anaangalia na kuandika. Maji yanayomwagika kwenye sado iliyojaa yanafanya kazi ile ile. Kwa hiyo jirani yako hajakosea sana akisema jambo hili limepita kwa Wazungu. Lakini mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na kufundisha Tabora, alitoa Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake lilikuwa kwamba shule zetu zinamfanya mtoto aamini maarifa ya maana yako vitabuni tu, na yale ya wazee wake na kazi zao si kitu. Mtaala wetu nao, tangu 2005, unadai umahiri: mtoto aweze kufanya, asikariri tu. Madamu wako hajaasi serikali. Anajaribu kufanya tulichoambiwa tufanye, na wengi wetu tulishindwa kwa sababu ya wingi wa watoto.

Nimemtetea vya kutosha. Kuna jambo umeliandika ukalipita mbio, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: muhula mzima kile kipande cha boksi hakijawahi kutundikwa kwenye kona nyingine.

Soma tena mstari huo pamoja na ule wa karatasi ya kikao. Mtoto aliyepima sado si mzito wa akili. Ila pale duka linapofunguliwa kila siku, vitabu havifunguliwi. Anakwenda anakojiweza na kukikwepa kinachomuaibisha, na uhuru wa kuchagua umempa mahali pa kujificha. Hilo ni kosa la darasa, na linatokea sana. Mtoto kuchagua kazi yake ni jambo jema sana, lakini ni jema pale tu mwalimu anapojua kila mtoto anakikimbia nini. Nimeona madarasa ambayo kona ni mapambo ya kumwonyesha mdhibiti ubora, na watoto wanaranda humo kama kuku. Sijui la binti yako ni la namna gani, nawe hujui bado. Utalijua kwa kuuliza.

Kusoma nako hakufanani na kupima dagaa. Wewe ulijua dagaa mkavu kwa kumvunja kidoleni na kusikiliza mlio, na binti yako atajua hivyo hivyo kwa kukaa karibu nawe. Herufi haziko hivyo. Hakuna mtoto atakayegundua peke yake kwamba kile kialama chenye miguu mitatu ni m. Hayo ni makubaliano ya watu, lazima mtu amwambie, amrudie, amsikilize. Mwalimu anayengoja mtoto aipende kona ya vitabu siku moja atangoja mpaka upimaji wa Darasa la Nne.

Habari njema ni kwamba wewe mwenyewe umenionyesha alipokwama. "Wazazi" ni wa, za, zi: konsonanti moja, irabu moja, anateleza. "Mnakaribishwa" inaanza na m iliyosimama peke yake, bila irabu, na inaishia na shwa, konsonanti zimebanana. Watoto wengi wa Darasa la Pili wanakwama hapo hapo. Hajashindwa kusoma, amefika kwenye silabi ngumu na hakuna aliyemshika mkono kuvuka. Jambo la majuma machache hilo, ukilishika mapema. (Macho yanayowasha, hata hivyo, usiyadharau. Mpeleke akapimwe, uondoe shaka.)

Kwa hiyo Ijumaa usisubiri kikao. Nenda saa moja na nusu, madamu akiwa anapanga kona zake, umsalimie, ukae. Mwombe akuonyeshe anapoandika maendeleo ya binti yako. Mwalimu wa namna hii anayefanya kazi kweli ana daftari lake mwenyewe, hata kama la watoto halijajaa: nani amesoma lini, silabi zipi zimemshinda, nani yuko kona gani. Mwulize binti yako amekaa mkekani mara ngapi wiki hii. Mweleze habari ya "mnakaribishwa" kama ulivyonieleza mimi, na habari ya sado pia, usiifiche. Nina hakika atafurahi mpaka asimulie wenzake. Kama akifungua daftari lake na kukuonyesha jina la mtoto, mwache mtoto hapo hapo na akiba yako iweke. Kama hana kumbukumbu yoyote, anakwambia tu "anaendelea vizuri mama", basi hofu yako ina msingi: nenda kwa mwalimu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu. Hapo utakuwa na hoja mkononi, si manung'uniko.

Na umpe wazo hili, kwa upole, kama linatoka kwako. Asimtoe mtoto dukani. Alete kusoma dukani. Bidhaa ziandikwe majina, bei ziandikwe, mnunuzi aje na karatasi ya oda, muuzaji aisome kwanza ndipo apime. Mtoto anayelipenda duka lile kiasi hicho atapambana na "mchele" na "mgebuka", yule samaki wetu wa ziwani, ili asinyang'anywe mizani.

Nyumbani fanya hivi. Koroga unga wa muhogo na maji ya moto uwe gundi nzito. Kata vipande vya boksi, andika silabi kubwa kwa ile gundi ukitumia kidole: mbwa, shwa, nywa, mbwi, na m peke yake. Nyunyizia mchanga laini wa ziwani, anika, ukung'ute. Ukikauka, mtoto anapitisha kidole juu ya mchanga huku akitamka. Montessori alitumia msasa. Sisi tuna mchanga wa bure na juu yake tuna jua. Muda wote dakika kumi jioni, si zaidi, na ukimwona amechoka acha. Mwanzishie na mtumbwi: m, tu, mbwi. Hilo neno moja lina ugumu wote wawili, na kitu chenyewe anakiona kila siku. Akiliweza, mpe neno mgebuka. Kisha mpe daftari lako la mauzo aandike yeye: nani kachukua sado ngapi, nani anadaiwa. Atakosea, na utaona amekosea, kwa sababu hela haitalingana.

Limebaki lile lililokuliza. Sitakuambia usiumie. Umesimama juani miaka mingi ili mtoto huyu asisimame, halafu unamkuta nyuma ya boksi la sabuni anapima majani ya mwembe. Lakini mtazame anaigiza nani. Angeweza kucheza daktari, dereva wa treni, chochote. Amecheza wewe. Anarudisha chenji kama wewe, na bila shaka anabishana na wateja kama wewe. Madamu hakumpeleka dagaa, alimruhusu aanzie na anachokijua, na anachokijua alikipata kwako. Kutoka hapo anaweza kufika mbali, na anaweza kukwama. Itategemea sana hizo silabi, na huyo madamu, na wewe Ijumaa asubuhi.

Jumamosi umchukue tena mwaloni kabla wateja hawajajaa. Mpe ile chupa ya nusu lita na sado yako wewe, aipime tena, mara hii ukiwa umechuchumaa karibu naye unahesabu pamoja naye. Kama kopo lako nalo limeanza kubonyea, atakuambia.

Niandikie baada ya kikao. Nataka kujua lile daftari la madamu lilikuwa na nini.

Bi. Mwalimu